Maajabu ya Namba 2,008,058: Somo la Hisabati Kutokana na Sensa ya Singida

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Tanzania ilihesabu watu wake. Ilikuwa sensa ya sita tangu Muungano, baada ya zile za 1967, 1978, 1988, 2002 na 2012, na ilikuwa ya kwanza ambayo makarani waliacha madodoso ya karatasi wakaandika majibu kwenye vishikwambi. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo matokeo ya mwanzo yalitangazwa mjini Dodoma: nchi nzima ilikuwa na watu 61,741,120. Katika jumla hiyo, Mkoa wa Singida, kuanzia Mkalama na Iramba upande wa kaskazini, kupitia mji wa Singida penye maziwa ya Singidani na Kindai, hadi Manyoni na Itigi upande wa kusini, ulikuwa na watu 2,008,058.

Namba hiyo ilitafutwa kwa ajili ya mipango ya shule, maji, zahanati na barabara. Walakini namba ikishaandikwa huwa pia kitu cha kuchunguzwa chenyewe, kama vile mtu anavyoweza kulichunguza jiwe lililotumika kujengea nyumba. Namba ya Singida inastahili uchunguzi huo, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo hayapatikani katika namba nyingi za ukubwa wake. Uchunguzi wenyewe hauhitaji chombo chochote zaidi ya kalamu na karatasi. Aidha, unaleta swali ambalo kila mwenye kusoma takwimu sharti ajiulize: kati ya sifa zinazoonekana katika namba, zipi ni za watu waliohesabiwa, zipi ni za namba yenyewe, na zipi ni za mtindo wetu wa kuandika tu?

Kuivunja namba

Hatua ya kwanza katika kuichunguza namba nzima ni kutafuta vigawo vyake tasa. Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba nyingine ila 1 na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 2,008,058 huishia na 8, kwa hiyo ni namba shufwa na inagawanyika kwa 2. Jumla ya tarakimu zake ni 2 + 8 + 5 + 8, yaani 23. Nayo 23 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo namba nzima haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9. Haiishii na 0 wala 5, basi 5 haimo.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozipima zote tatu kwa pamoja, nayo haifundishwi mara nyingi ingawa ni rahisi. Msingi wake ni kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa kuwa 1,000 ni 1,001 kasoro 1, kila elfu inayotokea katika namba yaweza kuhesabiwa kuwa ni "kasoro 1", na kila milioni, yaani elfu mara elfu, kuwa ni "1". Basi namba hugawanywa katika makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha makundi hayo hujumlishwa na kutolewa kwa kupokezana. Kwa namba ya Singida makundi ni 058, 008 na 2:

58 – 8 + 2 = 52

Namba 52 haigawanyiki kwa 7 wala kwa 11, lakini ni 4 × 13. Kwa hiyo 2,008,058 haigawanyiki kwa 7 wala kwa 11, bali inagawanyika kwa 13. Kazi inaendelea hivi:

2,008,058 ÷ 2 = 1,004,029
1,004,029 ÷ 13 = 77,233

Hapa mwanafunzi mwenye haraka angedhani kwamba amemaliza na 13. Lakini 77,233 nayo hujaribiwa kwa njia ile ile: 233 – 77 = 156, na 156 ni 12 × 13. Basi:

77,233 ÷ 13 = 5,941
5,941 ÷ 13 = 457

Namba 457 ni tasa. Ili kuhakikisha, yatosha kuijaribu kwa namba tasa zote hadi 19, kwa maana kipeuo cha pili cha 457 ni kati ya 21 na 22. Hakuna hata moja inayoigawanya. Hivyo namba ya Singida imevunjika kabisa:

2,008,058 = 2 × 13 × 13 × 13 × 457

Hili ndilo ajabu la kwanza. Kipeo cha tatu cha 13 ni 2,197. Kati ya kila namba 2,197 zinazofuatana, ni moja tu inayogawanyika kwa 2,197, na idadi ya watu wa Singida iliangukia juu ya namba ya namna hiyo.

Vigawo kumi na sita

Mtu akishajua vigawo tasa, anaweza kuvitaja vigawo vyote bila kubahatisha. Kila kigawo hujengwa kwa kuchagua: ama 2 imo au haimo (njia mbili), 13 haimo, au imo mara moja, mara mbili, au mara tatu (njia nne), 457 imo au haimo (njia mbili). Hivyo vigawo vyote ni 2 × 4 × 2 = 16:

1, 2, 13, 26, 169, 338, 457, 914, 2,197, 4,394, 5,941, 11,882, 77,233, 154,466, 1,004,029 na 2,008,058.

Jumla ya vigawo hivi, ukiiacha namba yenyewe, ni 1,262,062. Wagiriki wa kale waliziita kamilifu namba ambazo vigawo vyake vikijumlishwa hurudisha namba yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3. Namba ya Singida iko mbali na ukamilifu huo. Ni miongoni mwa namba pungufu, maana jumla ya vigawo vyake haiifikii.

Watu wote katika miraba miwili

Ajabu la pili ni kubwa kuliko la kwanza, nalo hutokana nalo. Hebu msomaji afikiri kwamba watu wote waliohesabiwa Singida wamekusanywa katika uwanda mmoja, kila mtu akasimama katika mita moja ya mraba. Wote wangeenea katika kilomita za mraba mbili na kidogo, ilhali mkoa wao una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 49,000. Sasa watu hao waagizwe kujipanga katika mraba, yaani mistari iwe sawa na idadi ya watu katika kila mstari. Haiwezekani, kwa sababu 2,008,058 si kipeo cha pili cha namba yoyote nzima. Wakijipanga mistari 1,417 ya watu 1,417, watu 169 watabaki nje.

Lakini 169 ni 13 × 13! Waliobaki wanaweza kujipanga wenyewe katika mraba mdogo wa mistari 13 ya watu 13, na hakuna atakayekosa mahali. Mkoa mzima umeingia katika miraba miwili: mmoja ambao mtu angetumia karibu dakika ishirini kutembea upande wake mmoja, na mwingine usiozidi ukubwa wa ua wa nyumba. Kwa alama za hisabati:

2,008,058 = 1,417² + 13²

Wala hiyo si njia ya pekee. Ziko nne:

1,417² + 13² = 2,007,889 + 169
1,313² + 533² = 1,723,969 + 284,089
1,303² + 557² = 1,697,809 + 310,249
1,007² + 997² = 1,014,049 + 994,009

Msomaji ajumlishe kila mstari ili ajionee. Katika njia ya tatu, 1,303 na 557 zote mbili ni namba tasa. Katika njia ya nne miraba miwili inakaribia kulingana, pande zake zikitofautiana kwa watu kumi tu, na 997 ni namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya elfu moja.

Njia hizi hazikupatikana kwa kujaribu namba maelfu. Mwanahisabati wa Kihindi Brahmagupta, aliyeishi katika karne ya 7, aliijua kanuni hii: namba mbili ambazo kila moja ni jumla ya miraba miwili zikizidishwa, zao lake nalo ni jumla ya miraba miwili. Kwa herufi:

(a² + b²)(c² + d²) = (ac – bd)² + (ad + bc)²
na vilevile = (ac + bd)² + (ad – bc)²

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kuthibitisha kanuni hii kwa kufungua mabano ya pande zote mbili. Sasa itumike. Namba ya Singida ni 4,394 × 457. Kwa kujaribu kidogo huonekana kwamba 457 = 21² + 4², na kwamba 4,394 = 65² + 13², na pia = 55² + 37². Ikichukuliwa a = 65, b = 13, c = 21 na d = 4, basi ac = 1,365, bd = 52, ad = 260 na bc = 273. Kwa hiyo:

ac – bd = 1,313 na ad + bc = 533
ac + bd = 1,417 na tofauti ya ad na bc = 13

Njia mbili zimepatikana papo hapo. Ikichukuliwa a = 55 na b = 37, zile mbili nyingine hupatikana vivyo hivyo.

Je, hakuna njia ya tano? Hakuna. Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, alieleza kwamba namba tasa witiri huwa jumla ya miraba miwili ikiwa inaacha baki 1 inapogawanywa kwa 4, na kwamba ikiacha baki 3 haiwezekani kamwe. Uthibitisho ulitolewa katika karne iliyofuata na Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi. Namba 13 huacha baki 1, na 457 huacha baki 1. Baadaye, katika karne ya 19, Mjerumani Carl Jacobi alitoa kanuni ya kuhesabu njia zenyewe. Kwa namba ambayo si ya mraba wala si mara mbili ya namba ya mraba, huhesabiwa vigawo witiri vinavyoacha baki 1 vikigawanywa kwa 4, hutolewa vile vinavyoacha baki 3, kisha kinachobaki hugawanywa kwa 2. Namba ya Singida ina vigawo witiri 8, na vyote huacha baki 1. Nusu ya 8 ni 4.

Mtoto mmoja zaidi

Katika sensa, anayehesabiwa ni yule aliyelala nchini usiku uliowekwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita ya usiku huo huingia katika hesabu. Aliyezaliwa baadaye husubiri sensa ijayo. Basi ifikiriwe kwamba katika zahanati moja ya Singida mtoto mmoja angezaliwa dakika chache kabla ya wakati wake. Idadi ingekuwa 2,008,059. Miraba ingekuwaje?

Isingekuwapo. Sababu yake ni nyepesi kuonyesha. Kipeo cha pili cha namba shufwa hugawanyika kwa 4 bila baki. Kipeo cha pili cha namba witiri huacha baki 1. Kwa hiyo miraba miwili ikijumlishwa, baki baada ya kugawanya kwa 4 laweza kuwa 0, 1 au 2, lakini haliwezi kuwa 3. Namba 2,008,059 huacha baki 3. Hivyo hakuna namna yoyote, leo wala milele, ya kuwapanga watu 2,008,059 katika miraba miwili.

Na kama mtu mmoja angekosekana? Namba ingekuwa 2,008,057, ambayo ni 17 × 41 × 43 × 67. Hii huacha baki 1 ikigawanywa kwa 4, na kwa hiyo kipimo cha hapo juu hakiikatazi. Hata hivyo 43 na 67 ni namba tasa zinazoacha baki 3, na kila moja imo mara moja tu. Kanuni ya jumla ni kwamba namba tasa ya namna hiyo sharti iwemo mara shufwa, la sivyo miraba haipatikani. Basi 2,008,057 nayo imeshindwa. Kile cha mara tatu cha 13 nacho kimetoweka pande zote mbili, kwa kuwa 2,008,059 ni 3 × 61 × 10,973.

Hapa ndipo hisabati ya namba nzima inapotofautiana na hesabu za kawaida za maisha. Katika soko la Singida, mkulima aliyevuna magunia 200 ya alizeti na jirani yake aliyevuna 201 wako karibu sawa. Lakini kwa upande wa vigawo, namba jirani ni kama nyumba zilizogusana kuta ambazo wenyeji wake hawana udugu wowote: namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1.

Namba kamili kwa mwenye vidole kumi na vitatu

Watu hupenda namba zinazoishia na sifuri. Sensa hiyo ilionyesha kwamba Singida ilikuwa imeuvuka mpaka wa milioni mbili, na jambo hilo huonekana kubwa. Lakini milioni ni kubwa kwa sababu gani? Kwa sababu huhesabiwa kwa makumi, na huhesabiwa kwa makumi kwa kuwa mikono ina vidole kumi. Mahesabu mengine ya kila siku hayafuati kumi. Saa ina dakika 60, dazani ina vitu 12, trei ya mayai ina 30, korija ya wafanyabiashara wa pwani ina 20, na pishi ina vibaba vinne.

Katika kuhesabu kwa kizio cha kumi, nafasi za tarakimu kuanzia kulia ni mamoja, makumi, mamia, maelfu na kuendelea, kila nafasi ikiwa mara kumi ya ile iliyo kulia kwake. Katika kizio cha kumi na tatu kila nafasi ingekuwa mara kumi na tatu: 1, 13, 169, 2,197, 28,561, 371,293. Namba ya Singida hujengwa hivi kwa nafasi hizo:

5 × 371,293 = 1,856,465
5 × 28,561 = 142,805
4 × 2,197 = 8,788
Jumla = 2,008,058

Hakuna kilichobaki kwa nafasi za 169, 13 na 1. Kwa hiyo katika kizio cha kumi na tatu idadi ya watu wa Singida ingeandikwa 554000. Taifa la watu wenye vidole kumi na vitatu lingesema kwamba karani wa Singida alichoka kuhesabu, akakadiria. Kumbe ni sifuri tatu zilizokuja zenyewe, wala hazionekani mpaka namba ibadilishwe mavazi. Vilevile milioni moja, ambayo kwetu ina sifuri sita, isingeishia na sifuri hata moja katika kizio hicho, maana haigawanyiki kwa 13.

Sifa za nani?

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa. Sifa zilizoonekana ni za aina tatu.

Aina ya kwanza ni sifa za maandishi. Jumla ya tarakimu kuwa 23, au namba kuishia na sifuri, hutegemea kizio kinachotumika. Katika kizio cha kumi na tatu jumla ya tarakimu ni 5 + 5 + 4, yaani 14. Kilichobadilika ni maandishi; namba haikubadilika.

Aina ya pili ni sifa za namba yenyewe. Kuwa 2 × 13³ × 457, na kuingia katika miraba miwili kwa njia nne, ni kweli katika kila kizio, kila lugha na kila zama. Kokoto 2,008,058 zina sifa hiyo sawa na watu 2,008,058.

Aina ya tatu ni sifa za watu, na hapa yapasa kuwa mwangalifu. Katika nchi kadhaa za Ulaya na Marekani namba 13 hudhaniwa kuwa na mkosi, hata majengo mengine hayana ghorofa iliyoandikwa 13. Mpiga ramli akiambiwa kwamba 13 imo mara tatu katika idadi ya watu wa Singida, hatakosa la kusema. Lakini takwimu za sensa zenyewe zinamjibu. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,370,637. Ongezeko hadi 2022 ni watu 637,421 katika siku 3,649, yaani wastani wa watu 175 hivi kwa siku, baada ya kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama kuchanganywa pamoja. Kwa mwendo huo, kigawe cha 2,197 kilipitwa kila baada ya siku 12 au 13. Katika miaka hiyo kumi vigawe 291 vilifikiwa, na hicho cha usiku wa sensa ndicho cha mwisho. Tena, kwa wastani, idadi ilibadilika kwa mtu mmoja kila baada ya dakika 8. Mwalimu angekuwa bado anaivunja namba ubaoni, na tayari isingekuwa idadi ya watu wa Singida.

Zaidi ya hayo, hakuna sensa duniani isiyokuwa na watu waliorukwa au waliohesabiwa mara mbili. Mmoja tu akirukwa, miraba yote huvunjika. Kwa hiyo miraba ni ya namba iliyochapishwa, si ya wakazi wa Iramba au Manyoni.

Sifa ya watu hutambulika kwa jambo moja: haiharibiki kwa kosa dogo. Ichukuliwe kwamba watu 20,000 wazima walirukwa Singida, karibu mtu mmoja katika kila mia. Vigawo vingebadilika kabisa. Lakini kasi ya ongezeko, ambayo kwa namba zilizochapishwa ni asilimia 3.8 hivi kwa mwaka, ingekuwa asilimia 3.9. Bado Singida ingekuwa inaongezeka upesi kuliko wastani wa taifa wa asilimia 3.2. Bado ingekuwa kweli kwamba kwa mwendo huo watu wake huongezeka maradufu katika miaka 18 hivi, muda ambao mtoto wa usiku wa sensa atautumia kukua na kumaliza sekondari. Watu 175 kwa siku, kama wote wangekuwa watoto wa kukaa darasani 45 kwa 45, wangejaza karibu madarasa manne kila kukicha. Hilo ndilo jambo ambalo mpangaji wa shule hana budi kulitazama, nalo halikufichwa katika vigawo. Limo katika kulinganisha namba ya mwaka mmoja na ya mwaka mwingine.

Haimaanishi kwamba uchunguzi wa vigawo ni kazi bure. Kipimo cha 1,001, kanuni ya Brahmagupta na hoja ya baki la nne ni elimu itakayofaa kwa namba yoyote, na huo ndio mtaji wa mwanahisabati. Lililo muhimu ni mwanafunzi kujua, kila anapoiona namba, kama anayoyasema anayasema juu ya maandishi, juu ya namba, au juu ya watu.

Mazoezi

1. Idadi ya watu wa Singida mwaka 2012 ilikuwa 1,370,637. Onyesha kwamba inagawanyika kwa 9. Tumia makundi ya tarakimu tatu kuonyesha kwamba haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13.

2. Namba 2,008,058 ni jumla ya miraba miwili kwa njia nne. Thibitisha kwamba haiwezi kuwa tofauti ya miraba miwili kwa njia yoyote.

3. Tumia makundi ya tarakimu tatu kupima kama idadi ya watu wa Tanzania ya mwaka 2022, yaani 61,741,120, inagawanyika kwa 7. Kisha ivunje namba hiyo kabisa. Je, watu wote wa Tanzania wangeweza kupangwa katika miraba miwili?

4. Tafuta idadi ya wanafunzi wa shule yako ya leo. Ivunje, kisha uangalie kama inaingia katika miraba miwili. Mwanafunzi mmoja akihamia, jibu linabadilika?

Majibu

1. Jumla ya tarakimu ni 27, kwa hiyo inagawanyika kwa 9, na 1,370,637 = 9 × 152,293. Makundi hutoa 637 – 370 + 1 = 268, ambayo huacha baki 2 kwa 7, baki 4 kwa 11, na baki 8 kwa 13.

2. Kila namba ya mraba huacha baki 0 au 1 ikigawanywa kwa 4. Tofauti ya namba mbili za namna hiyo yaweza kuacha baki 0, 1 au 3, si 2. Namba 2,008,058 huacha baki 2.

3. 120 – 741 + 61 = –560, na 560 ni 7 × 80; kwa hiyo inagawanyika kwa 7. Ikivunjwa kabisa, 61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Kwa kuwa 7 na 43 huacha baki 3 zikigawanywa kwa 4, na kila moja imo mara moja tu, miraba miwili haiwezekani. Namba 641 ina historia yake: ndiyo iliyomwezesha Euler kuonyesha kwamba 2³² + 1 si namba tasa, ingawa Fermat alikuwa amedhani kuwa ni tasa.